Siku Sirene ya Musonoi Ilipokosa Kulia

Wanangu mnaoanza stage, mazoezi yenu ya ualimu, Jumatatu, najua mmeshapiga mashati pasi. Najua mmenunua kalamu nyekundu, na wengine wenu mmesimama mbele ya kioo kujifunza kukunja uso. Kunjueni! Watoto wa darasa la tatu humtambua upesi mtu aliyeazima ukali, na watamchezea mpaka saa ya kwenda nyumbani. Mimi Mama Mujing nimefundisha shule ya msingi hapa Kolwezi tangu nikiwa msichana mwembamba mpaka magoti yaliponiambia basi. Sura niliyoikunja siku yangu ya kwanza haikufika hata saa ya mapumziko.

Mkuu wa shule yenu ameniomba niwaandikie ushauri. Ushauri sina mwingi. Nina habari za darasani, na ndani yake kila mmoja achote anachoweza kubeba.

Haya, tuanze na chaki. Chaki mpya ivunje katikati kabla ya kuandika, haitakupigia kelele ubaoni. Ubao ukiwa kijivu, twanga makaa, changanya na majani ya muhogo yaliyopondwa, upake Jumamosi, na Jumatatu utaandika kwa raha. Usizungumze na ubao, maana ubao hauna mtihani. Na jina la mtoto lishike siku hiyo hiyo. Ukimwita "wewe kule" mara mbili, yeye naye ameshakufuta moyoni mwake.

Hayo yote nilifundishwa na Mama Ngalula, mwalimu aliyenipokea nilipokuwa stagiaire kama nyinyi, katika shule moja ya Musonoi. Baba yake aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi mgodini. Yeye alizaliwa Musonoi, akasoma Musonoi, akafundisha Musonoi. Alikuwa mfupi, sauti yake ndogo, kitambaa cha kichwa kimefungwa barabara, na sikuwahi kumsikia akipiga kelele. Akitaka darasa linyamaze, alishusha sauti. Watoto walisogea mbele ili wasipitwe na neno.

Mwaka ule ulikuwa wake wa mwisho kabla ya kustaafu, na mkurugenzi wa shule hakunificha kitu. Aliniambia siku niliyofika, Mama Ngalula akiwa amesimama pale pale.

"Mademoiselle, Mama Ngalula anaenda kupumuzika. Ukipita examen yako, hii kalasi itakuwa yako. Ukianguka, mi sina mwalimu mwengine. Hawa batoto nitabagawanya mu zile kalasi zingine, na kule beko bengi, benye kukaa chini beko bengi vile vile."

Nikatazama darasani. Watoto walikuwa wamebanana kwenye mabenchi, wananitazama kama watu wanaokagua nyanya sokoni. Nikajiambia, Mujing, hawa wote wako mkononi mwako. Ndipo nilipokunja ule uso.

Mimi nilitoka Musumba, huko Kapanga, mbali, njia mbovu, watu wanalima mihogo na mahindi. Kelele kubwa niliyoizoea ni ya lori likiingia, na hilo nalo si kila wiki. Basi siku ya kwanza naingia darasani na blauzi yangu nyeupe, vumbi jekundu linaingia kwa madirisha yote, nami nikaanza kuyafunga. Kwenye benchi la mbele alikaa msichana mmoja aliyepungukiwa meno mawili ya mbele, jina lake Kapinga.

"Madame, madirisha."

"Kapinga, nyamaza."

"Lakini Madame, sirene..."

"Nimesema nyamaza!"

Sirene ikalia. Watoto wote wakasimama bila kuniomba ruhusa. Hawa wakakimbilia madirisha, wale wakaushika ubao uliosimama kwa miguu mitatu, mmoja akakumbatia mtungi wa maji, na wote wakaachama vinywa kama wako mbele ya daktari. Mimi nikaona wameasi. Nikainua rula. Kabla sijaishusha, ardhi iliruka. Nilipopata akili nilikuwa chini ya meza, rula bado mkononi, na kioo cha dirisha lile ambalo watoto hawakulifikia kimeanguka vipande vipande. Kapinga akainama kunitazama.

"Madame, imeisha. Unaweza kutoka."

Kumbe Musonoi imekaa pembeni mwa shimo la mgodi, lile tunaloliita mine, na kila siku kabla ya adhuhuri walikuwa wanapasua mwamba kwa baruti. Kwanza sirene, king'ora cha mgodi, kisha mshindo. Madirisha hufunguliwa ili vioo visivunjike, na kinywa huachwa wazi ili masikio yasiumie. Watoto wa pale waliyajua hayo kabla ya kujua a, e, i, o, u. Mgeni ni mimi, na mgeni hata akiwa na macho makubwa haoni kitu.

Mama Ngalula alicheka mpaka akatafuta pa kukaa.

"Mujing, ku Musumba banapiga baruti?"

"Hapana, Mama."

"Basi. Kesho utafungula madirisha." Akajifuta machozi. "Na blauzi, vaa ya rangi."

Hakunigombeza zaidi ya hapo, nami nikampenda tangu siku ile.

Nikazoea mshindo, lakini sirene ikaanza kuniudhi kwa jambo lingine: ilinikatia somo. Nikawa nafundisha mbiombio ili nifikishe jibu kabla haijalia. Nafika, natweta, jibu limeandikwa ubaoni. Sirene, mshindo, vumbi, watoto wanaketi, nauliza, na hakuna anayekumbuka lolote. Siku moja niliisoma fiche yangu, karatasi ya maandalizi ya somo, kwa haraka na kwa sauti moja tu, na nilipofika mwisho mtoto mmoja wa nyuma akajibu, "Amina."

Mama Ngalula akanivuta pembeni.

"Unakimbia na nani? Mine hauwezi kuishinda. Usipatie batoto jibu mbele ya sirene. Bapatie swali. Mine ikiisha kupiga, batarudia na njaa ya jibu."

Kesho yake akanionyesha. Alileta mayai mawili, moja bichi, moja la kuchemsha, akayaweka mezani. "Moja ni mubichi, moja ni ya kupika. Nitajua namna gani bila kuyapasua?" Watoto wakaanza kubishana. Mmoja anasema linuswe, mwingine anasema litikiswe. Sirene ikalia, madirisha, ubao, mtungi, vinywa, mshindo. Vumbi halijatua, nao wameshaketi, shingo ndefu, macho kwenye mayai. Akayazungusha juu ya meza. La kuchemsha likazunguka vizuri kabisa, lile bichi likayumba na kuchoka. Sijapata kuona watoto wakifurahi vile kwa sababu ya yai wasilolila.

Ushikeni ujanja huo, wanangu, maana unafanya kazi hata pasipo baruti. Baadaye nilihamia Manika, na huko hakuna mshindo, lakini kuna pikipiki za abiria, kuna vipaza sauti vya makanisa, kuna soko. Kila shule ina kitu chake cha kukata somo. Kengele ya mapumziko isikukute umeshajibu. Waache watoke na swali mdomoni pamoja na karanga zao.

Sasa niwaambie habari ya examen yangu, mtihani wa ualimu.

Inspekta, mkaguzi wa shule, alitoka Manika kwa tukutuku, pikipiki kubwa, mtu mrefu wa miwani, na sifa yake ilifika kabla yake. Walimu wanaume wazima walikuwa wakifunga vifungo vya shati mpaka shingoni wakisikia ile injini. Alikaa nyuma ya darasa, kando ya Mama Ngalula. Kanuni ilimkataza Mama kutamka hata neno moja.

Somo langu lilikuwa mafungu: theluthi na robo. Nilikuwa na mikate miwili iliyolingana, imefunikwa kitambaa cha Mama Ngalula. Nikawaambia watoto, mkate mmoja tutaukata vipande vitatu sawa, wa pili vipande vinne sawa. Kila mtu achague anataka kipande cha mkate upi.

"Ya ine!" wakapaza sauti. Mvulana mmoja, Ilunga, alisimama juu ya benchi. "Ya ine, Madame! Ine inapita tatu!"

Darasa zima upande wa nne. Nikacheka moyoni. Nilikuwa nimelipima somo vizuri, swali limetua mahali pake, na mwanga wa jua sakafuni ulikuwa umefika mguu wa meza yangu, ndiyo alama yetu ya saa ya sirene. Sirene italia, mshindo utapita, nami nitakata mikate mbele ya macho yenye njaa. Hata kwenye fiche nilikuwa nimeandika mahali pa sirene, na nilijiona mjanja wa Musonoi nzima.

Watoto wakaona mwanga, wakasimama wenyewe. Madirisha yakafunguliwa. Ubao ukashikwa. Vinywa vikaachama.

Kimya.

Tukangoja. Inspekta akatazama saa yake, kisha akawatazama wale watoto walioachama vinywa, kisha akanitazama mimi. Nikaona haya. Nikawaambia waketi, leo tutaendelea bila sirene. Wakaketi. Nikaondoa kitambaa, nikakata mkate wa kwanza vipande vitatu, wa pili vipande vinne. Nikainua kipande mkono huu na kipande mkono huu.

"Haya, kipi ni kikubwa?"

Hakuna aliyeangalia. Mkate, wanangu! Mkate mweupe, saa ile, mbele ya watoto ambao wengine walikuja bila kula, na vichwa vyote vimegeukia dirishani. Nikarudia swali kwa sauti ya juu. Nikaliona darasa likigawanywa, nikajiona niko juu ya lori narudi Musumba bila diploma. Hasira ikanipanda, na mkono ukaenda kwenye rula.

Nikamtazama Kapinga. Midomo yake ilikuwa inatetemeka. Nikaiacha rula, nikachutama mbele ya benchi lake.

"Kapinga, kuko nini?"

"Madame, sirene haikulia."

"Najua. Haizuru."

"Hapana, Madame." Alinieleza polepole, kama siku ile nilipokuwa chini ya meza. "Ikikosa kulia, ni kusema kuko mutu chini. Banatafuta mutu kwanza. Na baba yangu eko chini."

"Na baba yangu," akasema Ilunga.

"Na yaya yangu," mwingine akamtaja kaka yake mkubwa.

"Na baba."

Nikainua macho kumtafuta Mama Ngalula anisaidie. Hakuwa ananitazama. Alikuwa anatazama dirishani kama watoto, mikono imeshikana mapajani. Hapo nikakumbuka kwamba yeye pia amekua katika nyumba ya mtu wa mgodini, na kwamba woga huu alikuwa nao tangu akiwa na umri wa Kapinga. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nafikiria mikate.

Nikakiweka kisu mezani. Nikapita katikati ya mabenchi mpaka nyuma. Niliogopa, nasema wazi.

"Tata Inspekta, munisamehe. Muko na tukutuku. Mulango ya mine haiko mbali. Tunaomba muende mutuulizie kama batu beko bazima."

Akavua miwani.

"Mademoiselle, uko mu examen."

"Ndiyo, Tata."

"Wakati yako inapita."

"Ndiyo, Tata. Lakini hawa batoto habanisikie. Hata nikisema mpaka magaribi, habatanisikia."

Aliyatazama mabenchi, moja moja. Kisha akachukua kofia yake na kutoka. Tukasikia injini ikiwaka, ikienda, ikipotea.

Hapo Mama Ngalula akasimama. "Mwenye kunikataza kusema ameenda," akasema, "sasa naweza." Akaenda mbele, akaketi kwenye benchi la kwanza katikati ya watoto, akaanza wimbo wa kanisani kwa ile sauti yake ndogo. Walioujua wakamfuata. Mimi sikufundisha kitu. Nilisimama na mkono wa Kapinga ndani ya mkono wangu, na mkono ule ulikuwa wa baridi. Mikate ilikuwa mezani, na nzi walikuwa wameshaiona.

Pikipiki ikarudi. Wimbo ukakatika. Inspekta akaingia, vumbi mpaka kwenye nyusi, na yule mtu wa kutisha akavua kofia mbele ya watoto wa darasa la tatu.

"Batoto, munisikilize. Bote beko bazima. Hakuna mutu alipata mubaya. Ni sirene njo ilikufa, waya ilipya, iliungua. Bakubwa balikatala kupiga mine bila sirene. Beko bamekaa, banakula."

Siwezi kuwaandikia kelele iliyotoka mle ndani. Ilunga alipanda tena juu ya benchi. Kapinga, ambaye muda wote hakudondosha chozi, ndiyo kwanza akalia, kilio cha sauti kubwa, mpaka nikamfuta kwa blauzi yangu, na ile ilikuwa ya rangi. Alipomaliza akavuta kamasi, akatazama mezani.

"Madame, na mukate?"

Wakaja mbele wote. Hakuna aliyengoja kuitwa. Wakaviweka vipande kimoja juu ya kingine, wakavipima kwa vidole, wakapigana viwiko.

"Ya tatu njo mukubwa!"

"Haiwezekane! Ine inapita tatu!"

"Angalia basi! Angalia!"

"Madame, juu ya nini, sababu gani?"

Nikabana midomo. Wanangu, kubana midomo ni kazi ngumu kuliko kufundisha, lakini nilikuwa nimemwona Mama Ngalula akiifanya kila siku. Ilunga, aliyeshabikia nne kuliko wote, alisimama na kipande mkononi, akiwaza. Kisha uso wake ukafunguka.

"Juu batu beko bengi! Mukate ni ile ile moja. Batu bakikuwa bengi, kila mutu kipande yake inakuwa kidogo."

Hata mimi nisingelisema vizuri hivyo.

Mkurugenzi alikuwa amesikia makelele, akaja mbio na kusimama mlangoni. Inspekta alikuwa na kipande mkononi. Watoto walikuwa wamempa cha theluthi bila kumuuliza.

"Fiche yako umeiacha mu njia, Mademoiselle," akaniambia. Roho ikanishuka. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, ndivyo nilivyoanza kujifariji. "Somo yako ilikatika mara mbili. Na mu maisha yangu yote, hakuna stagiaire alisha kunituma fasi yoyote." Akatafuna, akameza, akamgeukia mkurugenzi. "Ile kalasi ni yake. Hawa batoto usibagawanye. Kipande itakuwa kidogo."

Mkurugenzi hakuelewa. Watoto walielewa, wakacheka mpaka ubao ukaanguka, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameushika. Nyuma ya kicheko chao nilimwona Mama Ngalula anakikung'uta kitambaa chake makombo ya mkate, akakikunja polepole, akaniwekea mezani. "Baki nacho," akasema. Ninacho hadi leo.

Mambo mengi yamebadilika tangu hapo. Stagiaire wa siku hizi ana simu inayomwonyesha somo zima na picha zake, na sina ugomvi na simu. Nilipenda kuitumia mimi mwenyewe, hasa mahesabu. Lakini miaka yangu ya mwisho kazini nilikuwa na watoto ambao baba zao na kaka zao hawakuwa tena watu wa mgodi wenye ratiba. Walikuwa wachimbaji wa kujitegemea, vijana kutoka kila pembe ya Kongo, wanashuka mashimoni na taa kichwani kutafuta shaba na kobalti. Mashimo hayo hayana sirene. Hakuna inayolia kusema mambo ni sawa, na hakuna inayokosa kulia kusema mambo ni mabaya. Mtoto wa mchimbaji anakaa darasani asubuhi yote bila ishara yoyote, anasikiliza tu.

Ndiyo maana kila asubuhi, baada ya salamu na kabla ya kuandika tarehe ubaoni, niliuliza swali moja: "Nani eko na mutu chini lelo?" Mikono ilipanda. Sikuweza kumtoa mtu shimoni, na sikuwaahidi watoto kitu. Nilitaka tu kujua ni nani, na wao wajue kwamba najua. Mwaka wangu wa mwisho kulikuwa na asubuhi ambazo mikono iliyobaki chini ilikuwa michache kuliko iliyopanda. Siku hizo somo gumu nililisogeza, tukaanza na wimbo, na hakuna mkaguzi aliyewahi kunilaumu kwa hilo.

Basi nendeni Jumatatu. Vunjeni chaki, shikeni majina, achieni kengele swali. Mtakosea sana, na watoto watawainamia chini ya meza na kuwaambia imeisha, mnaweza kutoka. Tokeni. Na siku utakapokuwa na somo zuri kuliko yote, inspekta amekaa nyuma, na mtoto mmoja anaangalia dirishani, usichukue rula. Weka kisu chini, chutama, umuulize ni nani yuko chini. Mkate utangoja.